Watu Niliosema Wameshaondoka

Alikuja Jumamosi asubuhi akiwa amebeba kilo mbili za sukari na daftari jipya. Niliitazama ile sukari kabla ya kumtazama yeye. Ni binti wa jirani yangu. Nyumba ya baba yake naiona nikiketi barazani kwangu, na miaka yote tumekuwa tukiombana chumvi na viberiti bila shida. Mtu wa hivyo akija na robo ya sukari, amekuja kukutazama. Akija na nusu, amesikia unaumwa. Kilo mbili ni za mtu mwenye haja, na haja yenyewe si ndogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uketi."

Aliketi, akaulizia miguu yangu, akaulizia wajukuu, akaisifu mihogo ya mke wangu iliyoanikwa uani. Kisha akasema alilolijia. Alitaka nimsaidie kuandika hadithi kwa Kiingereza.

Hapo nikazidi kumshuku. Yeye mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi, na Kiingereza ni moja ya masomo anayofundisha. Mimi niliishia kidato cha nne, tena zamani, na tangu nilipoacha kazi Watamu sijaongea Kiingereza ila na redio, na redio hainijibu. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema Kiingereza chake ni cha darasani, akiandika barua huwa kama ya kuomba ruhusa ya ugonjwa.

"Lakini wewe, baba, ulikuwa ukiwasimulia wageni mpaka wanasahau kunywa soda zao. Nakumbuka."

Neno hilo la mwisho halikunipendeza. Nilijiuliza anakumbuka nini hasa. Niliyaona macho yake yamepanda ukutani, pale darubini yangu inaponing'inia kwenye msumari kando ya kalenda. Yalikaa pale kidogo, yakashuka.

Hadithi aliyoitaka ilikuwa ya kigango cha babu yake.

Kwa asiye wa kwetu, nieleze. Mzee mwenye cheo chake katika chama cha wazee akifa, jamaa zake humchongea ubao wa mti wa muhuhu, mrefu kuliko mtu, wenye kichwa cha mviringo na pembetatu za rangi toka shingoni mpaka chini. Huo ubao ndio kigango. Husimamishwa kwenye makazi yake, na tangu hapo huyo ndiye yeye. Hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi, huambiwa habari za watoto. Jamaa wakihama, kigango hakihamishwi. Hubaki pale pale hata vichaka vikimea, wala hakuna anayekiendea kila siku, kwa sababu mzee hasumbuliwi bila jambo. Ukipita njia ukakiona kimesimama peke yake kati ya nyasi, utadhani hakina mwenyewe. Kina mwenyewe. Kila mtoto wa kwetu anajua hivyo, na mimi nilijua.

Kigango cha babu yake kiliibwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Sasa alikuwa amekiona. Alinionyesha kwenye simu: kimesimamishwa mbele ya ukuta mweupe, taa zinakimulika, katika jumba la makumbusho ng'ambo. Chini, upande wa kushoto, palikuwa na alama nyeusi ya kuungua. Alama hiyo aliiweka baba yake mwenyewe alipokuwa kijana, siku aliyochoma nyasi za shamba na moto ukamshinda. Hapakuwa na shaka kwamba ndicho.

Alikuwa ameshawaandikia wenye jumba, nao wamemjibu kwa adabu. Wanataka familia ieleze kwa Kiingereza, kwa maneno yake yenyewe, kigango kilisimama wapi, kiliondokaje, na kwa nini wanasema ni chao. Wakiridhika, watakaa kikao juu ya kukirudisha.

"Baba hali yake unaijua," alisema. "Hana muda mrefu. Na babu amemjia tena usingizini. Anamwambia anasikia baridi."

Nilijua. Baba yake ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tukichunga mbuzi. Moyo wake umechoka, hawezi hata kuvuka kijito, na jambo moja tu analolitaka kabla ya kufa ni kumwona baba yake amerudi mahali pake. Nilisema nitasaidia. Ningesema nini kingine?

Alipoondoka, mke wangu aliipima sukari kwa mkono akasema ni kilo mbili kamili. Nikamwambia kuna jambo nyuma yake.

"Nyuma ya sukari kuna chai," akasema, akaenda kuinjika maji.

Kiingereza cha kusimulia nilikipata katika shule ya misheni upande wa Kaloleni. Mwalimu wetu alikuwa na desturi: kila Jumatatu mmoja wetu asimame aeleze yaliyompata mwisho wa juma. Kwa Kiswahili ingekuwa kazi nyepesi. Ukishasema "nilikwenda", kinachobaki ni kufuatanisha: nikafika, nikakuta, nikala, nikarudi. Hadithi inajiendea kama mbuzi wanaoijua njia ya nyumbani. Kwa Kiingereza tulikwama. Kila penye pumzi tulitia "then", na mwalimu aligonga meza kwa kila moja, mpaka hadithi ya mtu kwenda dukani ikawa kama ngoma.

Siku moja alichora ubaoni nyumba yenye ukumbi na chumba cha ndani. Ukumbini, alisema, ndipo hadithi inapotendeka: mtu alikuja, aliketi, alisema. Chumba cha ndani ni cha yale yaliyokuwa yamekwisha kabla mtu huyo hajaja. Kiingereza kina kineno chake, "had", cha kuufungulia mlango wa ndani. Anayejua kusimulia haingii humo ovyo. Anafungua kidogo, msikilizaji anachungulia, anafunga. Nilimwelewa mara moja. Katika darasa lile mimi ndiye niliyeingia na kutoka bila kujikwaa, na nilijivunia hilo kuliko cheti changu.

Cheti hakikunipa kazi ya ofisi. Lugha ndiyo iliyonipa kazi Watamu, kutembeza wageni wa mahotelini. Mwanzoni niliwaeleza mambo yalivyo: huyu anapalilia, yule anashona makuti, wale wanakwenda arusini. Wageni waliitikia kwa vichwa, kisha wakatazama saa zao. Watembezaji wenzangu wakanifunza ufundi wa kazi. Mgeni, walisema, hakusafiri siku nzima kuja kumwona mtu anayelalamikia bei ya jembe. Anataka kilichokwisha. Basi ngoma inayopigwa kila mwezi, unasema ilikuwa ikipigwa. Mganga anayemtibu shangazi yako, unasema zamani walikuwapo waganga. Nikajifunza kuwatia watu wote chumba cha ndani na kufunga mlango. Siku moja nilikuwa nikiwaeleza wageni jinsi wanawake wa huku walivyokuwa wakichukua maji kichwani, na mama yangu mzazi akapita na ndoo kichwani, akaniuliza kama nimekula. Wageni walitaka kujua amesema nini. Nikasema ametubariki.

Tulicheka sana na wenzangu kwa hilo. Sasa nikilikumbuka sicheki.

Siku ninayotaka kuieleza, mgeni alikuwa mmoja, mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia ya kitambaa na darubini shingoni. Hakutaka ufuo wala samaki. Alitaka apelekwe bara aone vitu vya mbao vya kale. Nilimpeleka kwenye makazi ya zamani ya kina rafiki yangu, ng'ambo ya kijito, kwa sababu palikuwa karibu na kwetu nami nilitaka kupitia nyumbani nile. Sababu yenyewe ilikuwa ndogo kiasi hicho. Familia ilikuwa imehamia upande wa pili wa kijito, mwendo wa kuitana kwa sauti. Kigango kilibaki, kama desturi inavyotaka.

Mgeni alikizunguka mara tatu bila kukigusa. Kisha akauliza ni cha nani.

Ningeweza kusema: ni cha baba wa rafiki yangu, rafiki yangu anakaa pale, na moshi ule ni wa jikoni kwake. Moshi ulionekana kweli juu ya minazi. Badala yake nikasimulia. Nilisema hapa paliishi watu. Nikaufungua mlango wa ndani: maradhi yalikuwa yameingia, ng'ombe walikuwa wamekufa, watu mmoja mmoja walikuwa wameshaondoka, na hakuna aliyebaki wa kumkumbuka mzee huyu. Maradhi yale sijui niliyatoa wapi. Yalikuja yenyewe, sentensi ikiita nyingine, huku uso wake ukizidi kulainika. Nilimaliza. Halafu akaivua darubini shingoni mwake akanivika mimi.

Wiki tatu baadaye kigango hakikuwapo. Palibaki shimo, udongo mbichi, na vitambaa vyake vimetupwa majanini.

Rafiki yangu alinijia asubuhi hiyo hiyo, akaniuliza kama huko Watamu nimesikia lolote. Nikamwambia sijasikia. Kusikia nilikuwa sijasikia kweli, na kwa miaka mingi nilijificha nyuma ya jibu hilo.

Shuku ilimwangukia mdogo wake. Kijana huyo alikuwa akichonga vijiko na vinyago akiviuza Malindi, akijuana na wachuuzi, na mwezi ule ule alikuwa ameezeka nyumba yake mabati. Wazee walikaa. Hakuna aliyemwita mwizi. Walimuuliza tu juu ya mabati, wakamwacha ajibu, wakamuuliza tena. Aliapa. Mimi nilikuwa nimeketi kati yao. Mabati yale nilijua yametokana na vinyago, kwa sababu niliongozana naye kwenda kuyanunua na nilimsaidia kuyabeba. Nilitazama chini. Nilihofu kwamba nikimtetea wataniuliza mbona nina hakika, na swali moja litazaa jingine. Juma lililofuata aliyang'oa mabati, akayauza, akahamia Kaloleni kwa wajomba zake. Mama yao alipokufa alikuja akasimama nyuma ya watu, akaondoka bila kula. Kaka yake hakumwita.

Haya yote nilikuwa nayo kifuani Jumamosi ile ya sukari.

Jumamosi ya pili binti alikuja kuchukua nilichoandika. Zilikuwa kurasa mbili, na naona haya kusema kwamba zilikuwa nzuri. Nilieleza yule mzee alivyokuwa, jinsi kigango kilivyochongwa, jinsi moto ulivyokilamba chini. Kisha nikaandika kwamba asubuhi moja familia iligundua kuwa watu wasiojulikana walikuwa wamekichukua. Ni kile chumba cha ndani tena, kimefungwa vizuri, na waliomo hawaonekani nyuso.

Alisoma polepole, penseli mkononi.

"Ni nzuri sana, baba," alisema. "Ila hawa wasiojulikana, walijuaje kwamba kipo pale? Barabara haifiki."

"Watu huzungumza."

Aliyaandika maneno hayo kwenye daftari. Nikamuuliza anayaandikia nini. Akasema asije akasahau.

Juma zima sikupata raha. Nilishuku kila kitu. Nilishuku kwa nini kila akija anaketi kwenye kile kiti kinachotazama ukuta. Nilishuku kwa nini anataka mwandiko wangu, na si anihoji kisha aandike mwenyewe. Nilishuku hata salamu za baba yake, kwa nini zinaletwa na binti, nikasahau kwamba mwenyewe hawezi kutembea. Jumanne niliitoa darubini msumarini nikaifungia sandukuni. Halafu nikaona mahali ilipokuwa ukuta umebaki mweupe kuliko kwingine, na msumari mtupu, nikahisi hivyo vitasema zaidi. Nikairudisha.

"Mzee," mke wangu akasema, "hiyo darubini imekukosea nini leo?"

Yeye naye nilianza kumshuku.

Jumatano nilikwenda kwa rafiki yangu kupeleleza. Nasema kupeleleza kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ingawa nilichukua ndizi mkononi kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba kivulini mwa nyumba.

"Msena wangu," aliniambia. Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa lugha ya kwetu, rafiki yangu. "Wananiambia unaniandikia vizuri."

Niliyageuza maneno hayo huku na huku nitafute mwiba. Sikuuona. Aliniuliza kama Kiingereza kina namna ya kusema kwamba mtu anasikia baridi hata akiwa ni mti. Nikamwambia kinayo. Akacheka mpaka akakohoa, akasema basi Wazungu si watu wabaya. Kisha akatazama ng'ambo ya kijito.

"Akirudi baba," alisema, "nitamtumia habari mdogo wangu aje. Nimezeeka. Nitamsamehe."

Nilikaa na ganda la ndizi mkononi nisijue pa kulitupa. Nilikuwa nimekwenda pale nikiogopa kwamba ananishuku, na yeye alikuwa akijitayarisha kumsamehe mtu ambaye hakumkosea kitu. Niliaga kabla chai haijaletwa.

Jumamosi ya tatu binti alikuja bila sukari. Alitoa katikati ya daftari karatasi iliyokunjwa, akainyoosha juu ya goti, akanipa. Ilikuwa nakala ya kadi inayokaa pamoja na kigango huko kilipo, alisema, na wenye jumba waliituma pamoja na jibu lao la kwanza.

"Mbona unaileta leo?"

"Soma kwanza, baba."

Ilikuwa mistari michache. Ilitaja mti, urefu na rangi. Kisha ikasema kwamba kigango kilipatikana mahali palipohamwa. Ikaongeza kuwa kwa maelezo ya mtembeza wageni wa huko huko, mtu aliyesoma shule ya misheni na mwenye Kiingereza kizuri, watu wa mahali hapo walikuwa wameshaondoka na hakuna aliyebaki wa kumkumbuka mzee huyo.

Ningekosaje kuijua sentensi yangu? Lazima niseme jambo la kwanza lililonijia, maana nimeahidi nafsi yangu kutoficha. Niliona kwamba haina kosa. Miaka yote ile imekaa kwenye kadi ile, na kila neno liko mahali pake. Hilo lilipita upesi, na baada yake nikasikia masikio yanawaka.

Binti alinieleza kwa sauti ya chini, kama anayefundisha mtoto aliyechelewa. Kurasa zangu mbili haziwezi kufua dafu mbele ya kadi ile. Wenye jumba wanaamini kwamba aliyekichukua hakumpokonya mtu, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Sentensi ile ikibaki, babu yake atabaki penye ukuta mweupe. Na anayeweza kuiondoa ni mmoja tu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya siku ya sukari."

"Na baba yako?"

"Hajui. Ningemwambia mimi, angesema ni maneno ya karatasi." Aliikunja kadi. "Nilitaka uandike mwenyewe. Nimezisoma kurasa zako mara nyingi, baba, nikimtafuta mtu mmoja. Hayumo."

Basi nilikuwa nimeshuku kweli. Ajabu ni kwamba ukweli huo haukunipa nguvu yoyote. Mimi nilikesha na hila zake, na kumbe hila yake yote ilikuwa ni kuniachia nafasi ya kusema.

Aliinuka, akaiendea darubini, akaigusa kamba yake.

"Nikiwa mdogo ulinipa nitazame," alisema. "Ulinisimamisha ng'ambo kule. Niliiona nyumba yetu iko karibu hivi, kama ya kushika kwa mkono."

Sikulikumbuka hilo. Lakini ni kweli kwamba mgeni wangu naye alikuwa nayo shingoni siku ile, na angeiinua mara moja tu angewaona watu wakila chakula chao cha mchana. Hakuinua, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia hakuna cha kutazama.

Niliandika upya mchana ule ule, naye ameketi. Safari hii chumba cha ndani sikukigusa. Niliandika kama mtoto wa kidato cha kwanza, jambo moja kwa kila sentensi. Nilimpeleka mgeni pale. Aliniuliza ni cha nani. Nilijua ni cha nani. Nilisema uongo. Familia ilikaa ng'ambo ya kijito na moshi wa jiko lao niliuona. Inakaa hapo hadi leo. Wenzangu walimshuku mtu asiye na hatia, nikanyamaza. Nikatia jina langu na sahihi. Mwalimu wangu wa zamani asingenipa alama nyingi kwa mtindo.

Binti alitaka kuichukua. Nikamwambia isiende kabla baba yake hajaisikia, na asiisikie kwake yeye.

Nilimsomea rafiki yangu kwa lugha ya kwetu, nikigeuza sentensi kwa sentensi. Alinisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye maradhi na ng'ombe waliokufa, midomo yake ilitikisika kidogo. Nilipomaliza hakuniuliza habari za mgeni, wala za darubini, wala kwa nini.

"Na mabati?" aliuliza.

"Yalikuwa ya vinyago. Nilimsaidia kuyabeba."

Hakufumbua macho mpaka binti yake akamwekea mkono kifuani kumpima. Kisha rafiki yangu akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi.

"Barua yako iende," alisema. "Lakini wewe nenda Kaloleni kwanza. Kamwambie yeye kama ulivyoniambia. Usimwandikie."

Akageukia ukuta. Hakuniita msena.

Nilikwenda Jumanne. Nilimkuta chini ya kibanda cha makuti nyuma ya nyumba yake, mzee mwenye mvi kama mimi, akichonga mwiko. Alinitambua kwa mwendo. Hakusimama.

"Umekuja na msiba?"

"Hapana."

"Basi amekutuma. Anakufa, anataka nije niitikie wizi mbele ya watu ili afe salama."

Sikuwa na haki ya kukasirika. Nilivuta kigogo nikaketi, nikaanza tangu pale mgeni alipotaka vitu vya mbao. Aliendelea kuchonga. Nilipofika kwenye moshi, kisu kilisimama.

"Rudia hapo," alisema. "Penye moshi."

Nikarudia. Akanitaka nirudie mara ya tatu, ulitokea upande gani, ulikuwa mwingi au kidogo. Nadhani alikuwa akiitazama nyumba ya mama yake. Nilipomaliza yote, na mabati, na kule kutazama kwangu chini, aliufuta mwiko kwa kiganja, akauweka kando.

"Ungesema neno moja tu," aliniambia. "Ungesema, nilimsaidia kuyabeba. Basi."

"Ndiyo."

"Na mama alikuwa hai."

"Ndiyo."

Hakunifukuza wala hakunikaribisha. Mkewe alileta maji ya kunywa, nikanywa, nikaondoka.

Barua ilikwenda. Darubini niliifunga kwa gazeti nikamwomba binti aitume pamoja nayo, irudi ilikotoka. Alikataa mwanzoni, akasema posta watatushangaa, kisha akakubali. Wenye jumba wameshajibu mara moja. Wamesema sentensi ile imeondolewa kwenye kadi na kikao kitakaa. Siwashuku, na pia siwaamini sana. Rafiki yangu yu hai bado, nasikia, na anauliza kila siku kama posta imefunguliwa.

Mdogo wake alikuja juzi. Nilimwona akishuka njia ya kijito na mfuko begani, akisimama kila hatua chache kana kwamba anahesabu minazi iliyoongezeka. Niliona mtu akimtolea kiti. Tangu hapo huketi kando ya kile kitanda cha kamba tangu asubuhi, na kwa umbali huu siwezi kujua wanazungumza nini, au kama wanazungumza. Mke wangu amewapelekea mihogo mara mbili. Naye hanielezi, nami sijamuuliza.

Mimi niko barazani. Msumari ukutani ni mtupu. Moshi unatoka jikoni kwao, na bado sijaitwa.